Shamba la Mizabibu la Romanée-Conti: Urithi Usiogawanywa



Katika kila Misa Takatifu padri hutia divai katika kalisi, na sheria ya Kanisa yataka divai hiyo iwe ya zabibu halisi. Ndiyo maana watawa wa Ulaya walilima mizabibu kwa bidii tangu zamani. Leo tusimulie habari za shamba moja la Ufaransa. Ni dogo sana, lakini lina fundisho kwa jamaa zetu.

Shamba hilo liko katika kijiji cha Vosne-Romanée, nchi ya Bourgogne, kati ya miji ya Dijon na Beaune. Halifiki hekta 2. Liko katikati ya mteremko na kuelekea mawio ya jua. Udongo wake ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya chokaa, hata maji ya mvua hayatuami. Ukivuka njia nyembamba, mizabibu ya jirani ni ya aina ile ile, ila divai yake ina ladha nyingine. Wafaransa huita jambo hilo «teruari»: maana yake udongo, mteremko, jua, mvua na desturi za wakulima, vyote pamoja.

Hapo zamani lilikuwa mali ya watawa Wabenedikto wa Saint-Vivant. Mwaka 1584 waliliuza. Mwaka 1760 mwana wa ukoo wa kifalme, Prince de Conti, alilinunua, na jina lake likabaki juu ya shamba hata leo. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789. Serikali ilinyang'anya mali ya Kanisa na ya wakuu wengi. Shamba hili nalo likatwaliwa na kuuzwa mwaka 1794. Mwaka 1869 lilinunuliwa na Bwana Jacques-Marie Duvault-Blochet, na wazao wake wamo mpaka leo.

Lakini sheria ya Napoleoni ya mwaka 1804 iliamuru watoto wote wagawane urithi sawasawa. Sheria hiyo ilitaka haki, lakini mashamba mengi yakakatwa vipande vipande. Karibu na hapo liko shamba la Clos de Vougeot, lenye hekta 50 hivi, ambalo watawa Wasistersiani walilizungushia ukuta. Zamani lilikuwa na mwenyewe mmoja. Siku hizi lina wenyewe 80 hivi, na wengine wana mistari michache tu ya mizabibu.

Romanée-Conti halikukatwa hivyo. Mwaka 1942 jamaa mbili, de Villaine na Leroy, zilifanya shirika. Tangu hapo kila mrithi hupata fungu la faida, bali udongo wabaki mmoja.

Mara wakajaribiwa. Tangu miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Amerika, aitwaye filoksera, alikuwa akila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Wakulima wengi waling'oa mizabibu yao, wakapandikiza mipya juu ya mashina ya Amerika, ambayo mdudu hayawezi. Wenye Romanée-Conti walishikilia mizabibu ya kale, wakitia dawa udongoni. Lakini wakati wa vita dawa na wafanyakazi walipungua. Baada ya mavuno ya 1945 iliwapasa kung'oa yote. Walipanda upya mwaka 1947, na divai mpya ikapatikana mwaka 1952 tu. Miaka sita bila chupa hata moja! Kama kila ndugu angalikuwa na kipande chake, nani angalikubali kungoja hivyo?

Wakristu wapenzi, tunamjua Naboti katika Kitabu cha Wafalme, aliyekataa kumwuzia mfalme Ahabu mizabibu ya baba zake. Yeye alipigwa mawe kwa ajili ya mtu wa nje. Kwetu mara nyingi adui wa shamba hutoka ndani ya nyumba: baba hajazikwa, na watoto wameanza kupima mipaka. Kabla ya kukata ardhi, ndugu wakae pamoja na kuulizana: je, hatuwezi kugawana mavuno, tukaliacha shamba zima kwa wajukuu?