Bismillahi Ilivyofika Unyaturu

Kuku wa Singida anajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Lakini ukifika Ihanja, kata ya wilaya ya Ikungi, kuku huyo ana habari nyingine ambayo wachuuzi hawaisimulii. Anapotaka kuchinjwa kwa ajili ya wageni, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za Tanzania, huulizwa kwanza nani ashike kisu. Hata nyumba ya Mlutheri au Mkatoliki humwita jirani Mwislamu, ili kila atakayenawa mikono ale bila wasiwasi. Mchinjaji humwelekeza kuku Kibla, ambayo kwa mtu wa Singida ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo tu, akatamka "Bismillahi, Allahu Akbar", akapitisha kisu. Haongezi "Rahmani Rahimu". Walimu wa chuo cha Qur'ani wanafundisha kwamba majina hayo ya rehema hayatajwi juu ya shingo ya mnyama, na mtoto aliyepita chuoni atakusahihisha ukiyataja.

Historia ya Uislamu wa bara huandikwa kwa majina ya masheikh na miaka ya misikiti. Mimi naona misemo ya Kiarabu kama hii ilitangulia, na walioibeba hawakuwa wanazuoni. Walikuwa watu wenye mizigo kichwani.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaingia pori kavu la Mgunda Mkali, ikatokea Unyanyembe, eneo la Tabora. Waarabu waliweka makazi Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1850, na wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar na Omani wamekwishatulia. Unyaturu, nchi ya Wanyaturu huko Singida, ulibaki kaskazini ya njia hiyo, kwa hiyo sheikh hakuwa na sababu kubwa ya kupanda huko. Wapagazi ndio waliotapakaa, Wanyamwezi kwa maelfu pamoja na waungwana wa pwani, na lugha yao ya safari ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho kilikuwa kimeshashiba viapo na dua. Hukubaliani bei na mtu wa msafara bila kusikia wallahi, wala hupewi ahadi bila inshallah. Mnyaturu aliyeuza ng'ombe au nafaka aliweza kuyashika maneno hayo kabla hajamwona mtu akiswali.

Wajerumani wakaongeza kasi, ingawa sidhani kama walikusudia. Serikali yao ilitawala kwa Kiswahili, ikawatumia maakida, makarani na askari ambao wengi wao walikuwa Waislamu au walisilimu kazini. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiacha nyuma yake stesheni kama Manyoni na Itigi, na kila stesheni ikawa na duka, fundi cherehani na mahali pa kuswali. Dola iliyowakaribisha wamisionari ikawa pia imewalipa mshahara watu walioanza kazi ya asubuhi kwa bismillahi.

Kiarabu cha kusoma, tofauti na hiki cha kusemea, kilikuja na twarika za Kisufi. Twarika ya Qadiriyya ilienea Afrika Mashariki kwa juhudi za Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Bagamoyo iliongozwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa na akafariki mwaka 1931 akiwa kiongozi anayeheshimiwa katika nchi nzima. Tabora ilikuwa na Sheikh Zahor bin Muhammad. Kutoka vituo hivyo viwili wanafunzi waliingia vijijini na juzuu, zikri, na maulidi ya Barzanji, kisomo kilichotungwa na mwanazuoni wa Madina wa karne ya 18. Watu walikisoma kwa moyo bila kujua maana ya kila neno, na hawakuona tatizo. Walijua mahali pa kusimama, mahali pa kuitikia, na wakati wa kupitisha marashi.

Mahali ambapo Kiarabu hicho kilikita mizizi kuliko pote ni makaburini. Jeneza hubebwa kwa "La ilaha illallah", wabebaji wakipokezana mabega, maana kulibeba ni thawabu na kila mwanamume anataka sehemu yake. Udongo ukishafukiwa, waliofuata mila ya Kishafii husoma talkini. Msomaji hukaa upande wa kichwa akamwambia maiti kwa Kiarabu jinsi ya kuwajibu malaika wawili watakaomjia: Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani. Maiti huitwa kwa jina la mama yake, si la baba; mama asipojulikana hutajwa Hawa. Katika nchi ambayo watu wengi ni kizazi cha pili au cha tatu katika Uislamu, mama huyo mara nyingi ana jina la Kinyaturu, na jina hilo huingia katikati ya sentensi ya Kiarabu kama lilivyo. Nikiulizwa nini kinathibitisha kwamba misemo hii imekuwa ya wenyeji, nitataja hilo kabla ya msikiti wowote.

Wapo wasiokubali. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilifunguliwa mwaka 1961, na vijana wa Afrika Mashariki waliosoma huko, pamoja na wale wa kundi la Ansar Sunna waliokulia nyumbani, walianza kuuliza dalili. Talkini ikaitwa bidaa, yaani uzushi katika dini, na maulidi na hitima za kuwasomea marehemu pia. Mwaka 1969 tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitolewa kamili kwa Kiswahili, na msomaji wa kijijini akapata njia ya kupima aliyokuwa akiyasoma kwa moyo. Ugomvi wa makaburini ulikuwa mkali sehemu nyingi. Lakini faida moja ilipatikana, nayo ni kwamba watu walianza kuuliza maana.

Wimbi hilo lilikuja na misemo yake. Wazee walishukuru kwa "Mungu akulipe" au "ahsante"; kijana wa leo anaandika jazakallahu khairan kwenye simu, na asiyeitikia kwa waiyyaka anaonekana mshamba. Kaseti zilianza kazi hiyo, redio za Kiislamu zikaiendeleza, na makundi ya WhatsApp yameimaliza. Habari ya msiba sasa hutanguliwa na "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", wakati mwingine ikiwa imeandikwa vibaya kiasi cha kumsikitisha marehemu mwenyewe.

Kwa upande wa Wakristo, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifanya kazi mkoani Singida tangu miaka ya 1920, na Wakatoliki nao wakajenga parokia na hospitali. Hawakuifuta inshallah midomoni mwa waumini wao. Kwenye mkutano wa hadhara msemaji bado huanza "Asalaam aleikum", akaendelea "Bwana asifiwe", kisha "Tumsifu Yesu Kristo", na anayesahau moja huonekana ameficha jambo. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alileta salamu ya kuwajumlisha wote, "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Zile tatu hazikuondoka.

Si kila mahali mambo yalikwenda kwa amani hivyo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu ya mtu. Kwa hiyo mwaliko ule wa jirani kushika kisu usichukuliwe kuwa mdogo. Umejengwa na vizazi, na unaweza kuvunjwa kwa asubuhi moja.

Kumbukumbu za vizazi hivyo nazo zinaweza kupotea hivyo hivyo. Wenye madaftari ya maulidi, juzuu za kunakiliwa kwa mkono na karatasi za talkini walizoachiwa na babu zao, Ihanja na Ikungi nzima, nawaomba wasiyachome wala kuyafungia maandazi. Wayapige picha, waandike jina la aliyenakili na alikosomea, kisha wayapeleke msikitini au shuleni yakahifadhiwe.