UKIMWI Njombe: Historia ya Kazi za Mbali

Kila takwimu za UKIMWI zinapotangazwa nchini Tanzania, mkoa wa Njombe hutajwa mwanzo. Katika utafiti wa mwaka 2011/12, watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye virusi mkoani humo walikuwa asilimia 14.8, ilhali taifa zima lilikuwa na asilimia 5.1. Utafiti wa 2022/23, uliohesabu watu wote wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta asilimia 12.7 Njombe na 4.4 kitaifa. Maelezo yanayofuata huwa yaleyale: pombe ya ulanzi, baridi, kurithi wajane, tamaa za mwili. Lakini pombe imejaa kila mkoa, na wenye tamaa hawakuzaliwa Njombe peke yake. Ukitaka kujua kwa nini mzigo uliangukia huku, anza na kazi, kwani virusi vilipoingia vilikuta watu wa Njombe wamekwisha kuzoea kwa miongo mingi kutafuta riziki mbali na wenzi wao.

Enzi za Mwingereza, kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo ilikuwa adimu katika nyanda hizi za juu. Wanaume wakaelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda Silabu, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na walioandikishwa wakaitwa manamba. Mume alihesabu siku zake za mkataba kambini; mke alibaki na jembe, watoto na wakwe. Baadaye mkondo uligeukia ndani pia: mashamba ya miwati ya Kibena yalianzishwa mwaka 1949, na chai ya Luponde na Lupembe nayo ikahitaji mikono. Kuishi mbali mbali kwa mume na mke kukawa jambo la kawaida hata kabla Tanzania haijasikia neno UKIMWI.

Hapo ndipo Makambako, mkoani Njombe, inapoingia. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipita hapo, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 lami ikafika Songea kupitia Njombe. Njia panda ikakua mji. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukasafiri na wasafiri. Dereva wa lori lililotoka bandarini huegesha usiku, akala, akachukua chumba gesti. Anayempakulia wali ni mwanamke aliyekuja mjini bila mtaji, na kodi ya chumba chake inamngoja asubuhi. Kumwambia huyo mama ajihadhari ni rahisi. Kumpa uwezo wa kukataa ndiyo kazi.

Mtu anaweza kuuliza: Morogoro na Dodoma nazo ziko kwenye barabara kuu, mbona hazikuungua hivi? Swali ni la haki, na linaonyesha kwamba barabara haitoshi kuwa jibu. Tofauti kubwa mojawapo ni tohara. Dodoma na Morogoro tohara ya wanaume ni desturi ya miaka mingi. Wabena, wenyeji wa Njombe, wengi wao hawakuwa nayo. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Huduma ilipoletwa mkoani Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, maelfu ya wanaume na vijana walijitokeza. Wanaosema mila za huku ndizo sumu wajibu hili: mila gani hiyo inayolegea mara tu daktari anapofika karibu?

Wengine hukata tamaa kwa sababu kiwango hakishuki: asilimia 11.4 mwaka 2016/17, kisha 12.7. Wanasahau kwamba kiwango hicho huhesabu walio hai. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wagonjwa walitoka kwenye hesabu kwa kuzikwa. Leo mwenye kadi ya kliniki anavuna parachichi na kusomesha watoto, na akimeza dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kitaifa, mwaka 2022/23, katika kila watu wazima 100 wenye virusi, takriban 83 walijua hali yao. Karibu wote waliojua walikuwa kwenye dawa. Pengo limebaki kwenye kupima, na wanaume na vijana ndio walio nyuma zaidi.

Kwa hiyo kinga ya Njombe ifuate kalenda ya kazi. Vipimo, kondomu na dawa vifike kwenye kambi za chai na mbao, kwenye msimu wa viazi na parachichi, na Makambako vipatikane usiku, malori yanapoegeshwa. Tangu 2019 sheria inamruhusu mtu kujipima mwenyewe. Basi vipimo vya kujipima viwekwe pale anapolala msafiri. Miongo ya kuwasema watu wa Njombe haijamponya hata mmoja wao.