UZI: Makao ya wazee yalifungwa. Nani alishika ufunguo?

1/ Kila mjadala wa korona hapa huishia pale pale. Kambi moja: "usalama kwanza". Nyingine: "haki zetu". Mimi nasomea sayansi ya siasa na naona swali moja linarukwa kila mara: mlango ukishafungwa, nani anaamua ufunguliwe lini? Makao ya wazee Marekani yanatufunza mengi. Twende polepole.

2/ Mwisho wa Februari 2020, korona iligunduliwa kwenye makao ya wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington. Wazee wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Machi 13, serikali kuu ikaagiza makao ya aina hiyo nchi nzima yazuie wageni, isipokuwa hali chache kama mtu akiwa anakata roho.

3/ Msiharakishe kuwacheka. Chanjo haikuwepo, vipimo vilikuwa haba, barakoa zilikosekana hata kwa wauguzi. Zaidi ya wakazi 150,000 wa makao hayo walikuja kufa kwa korona. Anayesema ilikuwa njama tu, hebu aiangalie hiyo namba tena.

4/ Sasa tazama neno lililotumika: "wageni". Binti anayekuja kila siku kumlisha mamake ambaye amesahau hata kushika kijiko, huyo ni mgeni? Mzee anayemchana mkewe nywele? Kwenye karatasi waliwekwa fungu moja na mtu aliyepita kusalimia. Kazi yao haikuhesabiwa, na wafanyakazi waliobaki, Wakenya wetu wa ughaibuni wakiwemo, wakaachiwa mzigo wote.

5/ Familia zikasimama nje ya dirisha, simu sikioni, mkono kwenye kioo. Mzee aliyepoteza kumbukumbu haelewi kwa nini mwanawe haingii. Kuna waliokonda, kuna walionyamaza kabisa. Na virusi bado viliingia, manake wafanyakazi walitoka na kurudi kila siku.

6/ Kulikuwa na njia nyingine? Uholanzi pia ilifunga Machi 2020. Lakini Mei ikajaribu makao 26: kila mkazi mgeni mmoja, kwa masharti makali. Wiki za kwanza hakukuripotiwa maambukizi mapya humo. Hiyo haimaanishi ingefaulu kila mahali. Inamaanisha kuna mtu aliona jambo hili linafaa kujaribiwa mapema.

7/ Marekani mlango ulifunguka nusu nusu. Septemba 2020, kwa masharti. Machi 2021, baada ya chanjo kuanza, masharti yakalegezwa. Ni Novemba 12, 2021 ndipo ziara ziliruhusiwa wakati wowote kwa wakazi wote. Miezi 20! Kwa mtu wa miaka 88, hiyo inaweza kuwa ndiyo yote aliyobakisha.

8/ Familia hazikukaa kimya, na sheria zikaanza kubadilika. Julai 2020, Minnesota ikatoa mwongozo wa kumtambua "mtunzaji wa lazima", yaani jamaa asiyehesabiwa kama mgeni. Novemba 2021, karibu asilimia 88 ya wapiga kura Texas wakaipitisha haki hiyo iingie kwenye katiba ya jimbo. England nayo, tangu Aprili 2024, kanuni inayataka makao yaruhusu ziara ila kukiwa na sababu nzito.

9/ "Sisi hatupeleki wazee makaoni." Sawa, wengi wetu hatupeleki. Lakini Aprili 6, 2020 si Nairobi ilifungiwa, ikafunguliwa Julai? Wewe uko Kayole, shosho yuko Nyeri, na kizuizi cha polisi kiko katikati. Ibara ya 57 ya Katiba yetu inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Ibara ya 24 inakubali haki ibanwe, ila inataka iangaliwe kama kuna njia isiyobana sana.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na "ningefunga" au "nisingefunga", msimpigie makofi bado. Muulizeni matatu. Amri inaisha lini? Nani anaipitia upya, na kila baada ya siku ngapi? Na yule anayemlisha mzee, kwenye hiyo amri ameandikwa wapi?

11/ Janga lingine litakuja, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na muda wa kuandika sheria nzuri. Majibu tuyadai sasa.