Ila Iliyo Chini ya Tandiko



Kuuza na kununua ni katika mambo ambayo Mwislamu hawezi kuyaepuka, na kwa hivyo Mtume wetu (S.A.W.) hakuyaacha bila ya mafundisho. Katika makala haya tutazame sura moja tu ya biashara, nayo ni kitu kilichokwisha tumika, kinachouzwa na mtu asiyeonekana, kwa mnunuzi asiyekiona kitu chenyewe ila picha yake. Mfano wetu ni vyombo vya farasi: tandiko, hatamu, lijamu na vikuku vya kukanyagia.

Huenda ukauliza, sisi watu wa pwani tuna nini na farasi, na mnyama wetu ni punda? Jawabu ni kuwa vitabu vyetu vya fiqhi vimejaa mifano ya farasi na ngamia, na hukumu zilizotolewa juu ya migongo yao ndizo zinazotuhusu sisi tunaponunua simu au cherehani iliyotumika. Tena mfano huu una uzito wake peke yake, kwani ila ya tandiko haimli mtu fedha tu. Yaweza kumla na roho.

PICHA HAIONYESHI

Katika nchi za Uingereza na Marekani, na katika nchi za Ghuba pia, tandiko jipya ni ghali sana. Basi wengi wenye farasi hununua lililotumika, na siku hizi soko lake kubwa limo katika intaneti. Muuzaji hupiga picha tatu au nne, akataja bei, na mnunuzi aliye mji mwingine hupeleka fedha na kungojea mzigo.

Sasa tazama hatari yake. Ndani ya tandiko mna kiunzi, ambacho kwa desturi ni cha mti ulioimarishwa kwa chuma, nacho kimefunikwa chote kwa ngozi. Farasi akianguka na kubiringika juu ya tandiko, kiunzi chaweza kupasuka na ngozi ya juu ikabaki inang'ara. Fundi hukijua kwa kulikamata tandiko mbele na nyuma na kulibana, akasikia linalegea au linalia. Picha haibanwi wala hailii. Vivyo hivyo mikanda: ngozi huanza kuoza pale inapokunjwa kupita katika buko, na uzi hukatika upande wa chini usioonekana. Mpandaji huja kuyajua hayo farasi akiwa mbioni. Na kofia ngumu ya kupandia, ikiwa imekwisha kupigwa kishindo mara moja, haifai tena kuvaliwa hata kama haina mkwaruzo.

Wala mpandaji si peke yake mwenye kudhurika. Kiunzi kilichopasuka humchoma mnyama mgongoni kila siku, naye hana ulimi wa kusema. Hata tandiko zima, likiwa limetengenezwa kwa mgongo mpana kisha likawekwa juu ya mgongo mwembamba, humtia madonda.

Juu ya hayo kuna wizi. Vyumba vya kuwekea matandiko huvunjwa usiku, na mali ikauzwa mbali. Kuna picha zilizoibwa, na aliyezitoa hana tandiko lolote. Wala muuzaji naye hajasalimika: kuna mnunuzi anayetuma stakabadhi ya uwongo, na yuko anayelitumia tandiko mwezi mzima kisha akalirudisha na kusema halimfai.

Je, mambo haya ni mapya? Chombo ndicho kipya. Hila zenyewe ni kongwe, na dawa yake ni kongwe vile vile.

FARASI WA BEDUI

Abu Dawud na Nasai wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alinunua farasi kwa bedui mmoja, akamtaka amfuate ili amlipe thamani yake. Mtume akatangulia kwa haraka, na bedui akakawia nyuma. Watu wasiojua kuwa bei imekwisha kufungwa wakaanza kumtajia bedui bei nyingine. Bedui akaingiwa na tamaa, akamwita Mtume na kumwambia akitaka amnunue farasi, kama hamtaki atamuuza. Mtume akamkumbusha kuwa amekwisha kumnunua. Bedui akakana, akataka shahidi. Hapo Khuzayma bin Thabit (R.A.) akasimama akatoa ushahidi. Alipoulizwa ameshuhudia kwa nini hali hakuwapo, akajibu kuwa ni kwa kumsadiki Mtume. Ndipo ushahidi wake ukahesabiwa kuwa sawa na wa watu wawili.

Watu huisimulia hadithi hii kwa ajili ya fadhila za Khuzayma, na ni haki yake. Lakini lipo na funzo la soko. Mapatano ya mdomo, baina ya watu wawili wasiojuana, thamani haijatolewa na kitu hakijakabidhiwa, ni mlango wa ugomvi hata anapokuwa mmoja wao ni mbora wa viumbe. Ndiyo maana Qur'ani, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana. Mwenye kununua kwa mtandao akaona haya kudai maandishi, na ajiulize kama yeye ni mwaminifu kuliko waliokuwa wakiishi Madina.

NYAMA AU SAFARI?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amesimulia katika Ihya kisa cha Sahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.). Alikuwa amesimama sokoni, na mtu mmoja akamuuza ngamia wake kwa dirham 300. Wathila alikuwa ameghafilika. Alipozinduka mnunuzi amekwisha kwenda zake. Akamkimbilia huku akimwita, akamwuliza: amemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Mnunuzi akasema kwa kupanda. Wathila akamwarifu kuwa ngamia yule ana tundu katika unyayo, hataweza mwendo wa mfululizo. Mnunuzi akarejea, na muuzaji akalazimika kupunguza dirham 100. Muuzaji alipolalamika kuwa ameharibiwa biashara yake, Wathila akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume: si halali kwa mtu kuuza kitu bila ya kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayejua kunyamaza.

Zingatia swali lile, ndugu yangu. Kwa mwenye kutaka nyama, tundu la unyayo si kitu. Kwa mwenye kutaka safari, ni kila kitu. Ila hupimwa kwa haja ya mnunuzi. Tandiko lenye kiunzi kilichopasuka laweza kutundikwa ukutani kama pambo, na bei yake ikawa halali kabisa. Tandiko hilo hilo likiuzwa kwa baba anayemtafutia mwanawe la kujifunzia, na muuzaji akanyamaza, basi ameuza mvunjiko wa mfupa. Aliye sokoni hukuona uso, akakuuliza wataka la nini. Aliye nyuma ya simu hakuoni, na kwa hivyo wajibu wake wa kusema umezidi, haukupungua.

KITABU CHA DARSA ZETU

Waliosoma darsa za pwani wanakijua kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa khiari ya ila, Imamu ametaja miongoni mwa ila za mnyama kuwa ni ukaidi wake na kuuma kwake. Kisha ameeleza kuwa mwenye kugundua ila yampasa arudishe papo hapo, aache kukitumia kitu. Na mfano wake ni huu wetu: akiacha juu ya mnyama tandiko lake la kupandia au la mizigo, haki yake ya kurudisha imeanguka, kwani bado ananufaika. Isipokuwa mnyama mkaidi asiyeweza kukokotwa wala kuswagwa. Huyo akimpanda kwenda kumrudisha, ana udhuru.

Tazama uadilifu ulivyopimwa hapo. Mnunuzi kapewa haki, lakini hakupewa ruhusa ya kumla mwenziwe. Hata Sayyidna Umar (R.A.) hakusamehewa hilo. Inasimuliwa kuwa alimchukua farasi wa mtu wakiwa katika kupatana bei, akampandisha mtu kumjaribu, farasi akaumia. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakamfanya Shurayh mwamuzi, akamwambia Amiri wa Waumini amchukue aliyemnunua, au amrudishe kama alivyomchukua. Umar hakukasirika. Akampeleka Shurayh kuwa kadhi wa Kufa.

Ama kitu kisichoonekana, katika madhehebu ya Imamu Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa kukiuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Wenzetu wa Hanafi wamekijuzisha, lakini wakampa mnunuzi khiari atakapokiona. Njia ni mbili, na khofu ni moja: asifungwe mtu na asichokijua. Hata sheria za leo zimekuja karibu na hapo. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 zinampa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kurudisha, na akikitumia kitu kupita haja ya kukikagua aweza kukatwa. Lakini haki hiyo ni juu ya muuzaji mwenye kazi hiyo. Anayenunua kwa mtu binafsi haipati. Na matandiko mengi yaliyotumika huuzwa na watu binafsi. Palipokoma sheria ya serikali, Mwislamu bado ana sheria yake.

DAFTARI LA DALALI

Wazee wetu hawakuliacha jambo hili kwa mawaidha matupu. Katika miji ya Sham na Misri alikuwapo muhtasib, msimamizi wa masoko. Shayzari, aliyeandika kitabu cha kazi hiyo katika karne ya 12, ametaka dalali wa wanyama asimwuzie mtu mpaka amjue, au aletwe mtu anayemjua, kisha aandike jina lake na sifa zake katika daftari, isije ikawa kinachouzwa ni cha wizi. Katika Cairo ya Mamaluki, vyombo vya farasi vilikuwa na masoko yao mbalimbali, na hata leo upo mtaa unaoitwa Surujiyya, kusini ya Bab Zuwayla, kwa jina la mafundi wa matandiko. Fundi mbaya alijulikana na majirani zake. Soko la intaneti limempa muuzaji wateja wa dunia nzima, likamwondolea jirani na muhtasib. Aliyebaki ni Mwenyezi Mungu, na Yeye hahitaji daftari.

TUFANYEJE BASI?

Ukiwa mnunuzi, mjue muuzaji kabla ya kumpa fedha. Taka jina, mahali na picha mpya ya pale unapopataja wewe. Taka maelezo kwa maandishi, na sharti la kurudisha. Mtume alimpa mtu aliyekuwa akihadaiwa khiari ya siku tatu. Kitu kikifika, kikague siku ile ile kwa fundi, na ukiona ila usikitumie. Bei ikiwa ndogo mno, kumbuka kuwa mwenye kununua mali anayodhani ni ya wizi amemshika mwizi mkono.

Ukiwa muuzaji, anza na ila kabla ya sifa. Kizuri chajiuza. Piga picha ya upande ulioliwa, siyo upande unaong'ara. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkanya mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Mnunuzi wa mbali hana mkono wa kuutia. Wako ndio mkono wake.

Na ukitaka kujua imani hufika wapi, msikilize Jarir bin Abdullah (R.A.), kama alivyopokea Tabarani. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham 300. Jarir alipomwona, akamwambia muuzaji kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akampandishia 400, kisha akaendelea kupandisha mpaka 800. Alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Muuzaji yule hakuijua thamani ya mali yake. Aliyeijua alikuwa mnunuzi, naye hakunyamaza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusema tulijualo kabla hatujapokea fedha, na azitie baraka riziki zetu. Amin.