Ziwa la Kapolowe na Majani Yake

Msafiri ashukaye Kapolowe-Misioni huona ziwa pana, akadhani limekuwapo tangu zamani za mababu. Sivyo. Viwanda vya shaba vya Likasi, iliyopata kuitwa Jadotville, vilitaka umeme. Basi mto Lufira ukazuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1930. Maji yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya mbuga. Ndilo ziwa Tshangalele. Lilifanywa kwa ajili ya shaba, lakini samaki wakajaa humo, na wavuvi wakawafuata.

Kina chake ni kidogo, kwa hiyo kando yake pameota mafunjo na matete mengi. Wengine huyaita takataka. Kumbe mizizi yake hushika udongo usimegwe na mawimbi, na samaki huzaa katikati yake. Humo hukaa pia mnana mmoja wa manjano, aliyepatikana mwaka 1960 na kupewa jina la kitaalamu mwaka 1982, Ploceus ruweti. Baadaye hakuonekana tena na wataalamu mpaka karibu na mwaka 2009. Wavuvi, tunadhani, walikuwa wakimwona kila siku!

Mwaka 1982 UNESCO iliandika bonde la Lufira katika hifadhi zake, na mwaka 2017 likaingia katika orodha ya Ramsar ya nchi zenye majimaji. Ni heshima kubwa. Lakini karatasi haizimi moto wa mafunjo. Anayeweza kuuzima ni yule akaaye kando ya maji.

Mbali na hapa, huko Gazi katika pwani ya Kenya, mikoko ilikatwa sana kwa kuni za viwanda, na pwani iliyobaki wazi ikaliwa na bahari. Wanakijiji wakapanda tena. Tangu mwaka 2013, watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hupata fedha kwa hewa chafu ambayo miti huifunga, nao huzitumia kwa maji na shule.

Watu wa Kapolowe wanaweza kuiga mengi hapo. Lakini wana shida moja isiyo ya Gazi. Maji machafu ya viwanda vya Likasi hushuka kwa mto Panda mpaka Lufira, na wapimaji wamekuta shaba na kobalti katika matope ya ziwa. Mwanakijiji aweza kuacha kuchoma mafunjo. Bomba la kiwanda hawezi kulifunga.