Mbegu Isiyokuwa Mbegu

Kiswahili huziita seli za uzazi za mwanamume "mbegu", na hatuko peke yetu, maana neno la Wagiriki wa kale, sperma, lilibeba maana hiyo hiyo. Neno hilo, naona, ndilo lililowapoteza wataalamu wa Ulaya kwa karibu miaka 200. Mwaka 1677 Antoni van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa wa Delft, alieleza vijidudu vyenye mikia alivyoviona vikiogelea ndani ya manii. Basi kwa kuwa mbegu hubeba mche mzima ndani yake, wengi wakashawishika kwamba mtu naye amejikunja humo, mama akiwa shamba tu. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alimchora kabisa mtu huyo, amechutama kichwani mwa mbegu. Wapinzani wao walimhamishia ndani ya yai. Walibishana kuhusu mahali alipo. Kwamba huenda hayupo popote, wachache walijiuliza.

Atatokea wa kusema kosa lilikuwa la darubini. Ni kweli zilikuwa hafifu: yai la mamalia halikuonekana mpaka Karl Ernst von Baer alipolikuta kwa mbwa, mwaka 1827. Lakini Lazzaro Spallanzani, huko Italia, aliwavika vyura madume visuruali (ndiyo, visuruali), na mayai ya majike hayakutunga. Baadaye akayachuja manii kwa karatasi: maji yaliyopita yakawa hayafai kitu, mabaki yaliyonaswa yakatungisha mayai. Hapo darubini ilihitajika ya nini? Hata hivyo alishikilia kwamba kiluwiluwi kimo ndani ya yai tangu mwanzo. Von Baer naye alivihesabu vijidudu vya manii kuwa vimelea.

Kilichofungua njia ni wazo jipya, kwamba mwili ni seli na seli huzaliwa na seli. Ndipo Oscar Hertwig, mwaka 1875, akichungua mayai maangavu ya mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, akaona viini viwili, cha mbegu na cha yai, vikiungana kuwa kimoja. Mwaka 1883 Edouard van Beneden akaonyesha, kwa mnyoo wa farasi, kwamba kila upande huleta idadi sawa ya kromosomu.

Na mfano wenyewe wa shamba ulikuwa umeoza tangu mwanzo. Mwaka ule ule wa mchoro wa Hartsoeker, Rudolf Camerarius wa Tübingen aliripoti kwamba mbarika ulionyang'anywa maua ya kiume haukuzaa mbegu, na magunzi ya mahindi yaliyokatwa ndevu mapema yalibaki matupu. Punje tunayoipanda, kumbe, tayari ni mtoto wa wawili.