Kuzuia Kikoa Kizima: Haki na Mipaka Yake katika Vita dhidi ya Barua Taka

Makala haya yanashikilia kuwa kuzuia kikoa kizima ili kukomesha barua taka ni adhabu ya jumla. Adhabu hiyo ni halali pale tu mwenye kikoa anapokuwa ndiye mkosaji, au anapowajua wakosaji, ana uwezo wa kuwaondoa na amekataa. Nje ya hapo ni dhuluma.

Seva haihitaji kusoma ujumbe ili kuukataa. Hutazama kilichoandikwa baada ya alama ya @, hukilinganisha na orodha ya vikoa vilivyopigwa marufuku, na ikikikuta humo hujibu kwa msimbo 550. Seva nyingine hutupa ujumbe kimyakimya, mtumaji asijue kamwe. Tena itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, ya mwaka 1982 haikumdai mtumaji athibitishe jina analotumia, hivyo aliyeghushiwa kikoa chake huweza kuadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Watetezi wa uzuiaji wana hoja nzito. Seva ina mwenyewe, na gharama ya barua taka humwangukia mpokeaji. Orodha ya uzuiaji ya MAPS, iliyoasisiwa na Paul Vixie mwaka 1997, iliwabana watoa huduma waliowafumbia macho watumaji wa barua taka. Iliorodhesha anwani za IP, lakini mantiki ni ileile: jumuiya ibanwe hadi imdhibiti mkosaji wake.

Hata hivyo, mantiki hiyo ina kikomo. Mwishoni mwa 2004, kampuni ya Verizon ya Marekani ilianza kuzuia barua pepe kutoka sehemu kubwa za Ulaya. Wateja wake walishtaki, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kuwafidia. Walioumia walikuwa pia wapokeaji, waliolipia huduma na kunyimwa barua walizozitaka. Anayepokea barua kwa niaba ya umma hawezi kujitetea kwa umiliki wa seva peke yake.

Mfano wa kampuni ya Freenom ni mgumu zaidi. Kampuni hiyo ya Uholanzi iligawa bure majina chini ya vikoa vya nchi kama .ml ya Mali na .ga ya Gabon, na matapeli wakayachangamkia. Baada ya kushtakiwa na Meta, ilisitisha usajili mapema 2023. Aliyezuia .ml yote alikuwa na sababu, ila mfanyabiashara mwaminifu wa Bamako hakuwa na mamlaka yoyote juu ya ofisi ya Freenom huko Amsterdam. Kusema samaki mmoja akioza wote wameoza hakufai kuwa kanuni ya sheria.

Siku hizi mifumo ya SPF, DKIM na DMARC humwezesha mpokeaji kuthibitisha kikoa kilichotumika. Tangu Februari 2024, Google huwataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wathibitishe vikoa vyao na wabakize malalamiko chini ya asilimia 0.3. Hapo kila mtumaji hupimwa kwa matendo yake.

Msimamizi wa seva anayelazimika kuzuia kikoa kizima atimize masharti manne: vigezo viwe hadharani, mtumaji ajulishwe, zuio liwe na ukomo, na pawepo mtu wa kusikiliza rufaa. Zuio lisilo na masharti haya lisitumike katika taasisi yoyote inayohudumia umma.